Kikao cha Maji Mafu: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha mwani Micheweni

Kupoteza mwani kaskazi moja, yaani msimu wa joto wa upepo wa kaskazini, ni jambo la kawaida Pemba. Kuupoteza kaskazi mbili mfululizo, pahala pale pale, kwa mbegu ile ile na kwa namna ile ile, ni jambo jengine. Kikundi ninachokieleza hapa ni cha wanawake ishirini na kitu wa kijiji kimoja cha pwani, Wilaya ya Micheweni. Baina ya hasara ya kwanza na ya pili walikaa vikao kila wiki bila kukosa, na hakuna hata kimoja kilichouliza kwa nini. Hapo ndipo kisa kilipo: namna watu wa kazi moja wanavyopata, au wanavyokosa, nafasi ya kuitafakari kazi yao. Majina ya watu na kijiji nimeyaacha; kisiwa ni kidogo na maneno yanatembea.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Mwani wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Baadaye ukashika Pemba, na siku hizi Pemba ndiko unakotoka mwani mwingi zaidi. Wakulima wake walio wengi ni wanawake. Aina ni mbili: spinosum, unaostahamili taabu lakini bei yake duni, na cottonii, wenye bei nzuri ila maji yakipata moto haudumu. Tokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii umekufa sehemu nyingi mpaka wakulima wengi wakauacha. Kikundi hiki kilikuwa na spinosum kwa wingi, pamoja na mistari michache ya cottonii "kwa ajili ya tamaa", kama alivyosema mmoja wao akicheka.

Ratiba ya kazi inashikwa na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvu: kiasi cha saa nne asubuhi maji yametoka mbali, vijiti vinavyoshika kamba za mwani viko nje, na mtu ana saa tatu nne za kufunga mbegu, kukaza kamba, kuondoa uchafu au kuvuna kabla maji hayajarudi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ikipita wiki, huingia maji mafu. Bahari haitoki wala haijai kwa maana, na mashamba hubaki ndani ya maji. Mwani hukaa baharini kiasi cha wiki 6 kabla ya kuvunwa, kwa hiyo zao moja lina maji mafu matatu ndani yake. Anayetazama kwa mbali ataona kwamba wanawake hawa wamepangiwa mapumziko na mwezi, na kwamba nafasi ya kukaa na kufikiri wanayo tele kuliko karani yeyote wa Chake Chake. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipowasikiliza.

Kaskazi mbili

Kaskazi ya kwanza ilipochacha, ncha za mwani zilianza kuwa nyeupe. Matawi yakalainika, yakakatika kwenye taitai, zile kamba ndogo za kufungia mbegu, na mawimbi yakayatupa ufukweni. Wataalamu wanaeleza kwamba mwani ukielemewa na joto, au na maji ya mvua yanayopunguza chumvi, bakteria huupata kwa urahisi. Wanawake wenyewe walisema tu kwamba umeungua. Wakavuna mbiombio kilichobaki, wakakianika nusunusu, wakakiuza kikiwa bado na unyevu, na wakala akakata uzito kwa maji na mchanga. Kusi ilipoingia na maji yake ya baridi, mwani ukakubali na shida ikasahauliwa. Kaskazi ya pili ikaupiga vile vile.

Katikati ya yote hayo kila Alhamisi alasiri walikutana kwa ajili ya hisa, yaani akiba wanayoiweka pamoja na kukopeshana. Aliyewahi kuingia kwenye kikao cha kikundi cha hisa anajua nidhamu yake. Sanduku lina kufuli 3 na funguo zimeshikwa na watu watatu tafauti. Anayechelewa anatozwa faini, anayesema bila ruhusa anatozwa faini. Kikao hufunguliwa kwa dua, pesa huhesabiwa, mikopo hujadiliwa, kikafungwa kwa dua. Mambo yalikwenda sawa, wala hakuna senti iliyopotea. Lakini mwani, uliozaa pesa hizo zote, haukuwa na pahala katika ajenda. Ulitajwa mtu akieleza kwa nini hajalipa.

Daftari

Katibu wa kikundi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, mdogo kuliko wenzake wote. Katika daftari la mikopo alijichorea safu moja ambayo hakuna aliyemwagiza: sababu ya kuchelewa kulipa. Mwisho wa mwaka, alipokuwa akifunga hesabu za kugawana, alifungua kurasa za nyuma. Mwezi wa pili mwaka huu: mwani umekufa, mwani umekufa, mgonjwa, mwani umekufa. Mwezi wa pili mwaka jana: mwani umekufa, takriban majina yale yale.

"Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe," aliniambia, "na sikulisoma."

Hapa napenda tukae kidogo, maana ushauri mwingi kuhusu kutafakari huanza na utulivu: tafuta pahala pa kimya, vuta pumzi, jiulize umefika wapi. Binti huyu hakuwa na utulivu wowote. Alikuwa na hesabu za watu zinazomdai na taa ya simu. Alichokuwa nacho ni maandishi yaliyowekwa kwa kazi nyengine, na maandishi yana sifa moja ambayo kichwa cha mtu hakina: hayabadiliki kusi ikivuma. Wenzake alipowauliza, wengi walikumbuka mwaka mmoja tu mbaya. Miaka miwili walikuwa wameikunja pamoja, na ungewakalisha kimya mwezi mzima wangetafakari juu ya mwaka huo mmoja ambao haukuwapo.

"Siku hizo ndizo za kokoto"

Katibu akapendekeza wawe wanakaa wakati wa maji mafu kuzungumzia shamba. Akajibiwa na mkubwa wao wa umri: "Mwanangu, maji mafu ndiyo siku zangu za kokoto."

Micheweni ni nchi ya mawe. Wanawake wengi huponda kokoto kwa nyundo, huzikusanya kwa mafungu na kuwauzia wajenzi, na hilo hufanywa siku ambazo bahari haiendeki. Anayeacha kokoto ana muhogo wa kupalilia, kuni za kutafuta, makumbi ya kufukua, mtoto wa kupelekwa kituo cha afya, na harusi na maziko ya shehia nzima. Maji mafu hayana nafasi hata kidogo. Yamejaa kuliko bamvu, kwa sababu yote yaliyoahirishwa wakati wa bamvu hurundikwa humo.

Hivyo ndivyo wanavyokwama wanaohubiri kutenga muda, hata wa maofisini. Muda hautengwi kutoka kwenye utupu. Lazima pawe na jambo litakaloachwa, na anayekuambia utenge muda bila kukuambia uache nini amekuongezea kazi. (Ofisini tuna namna yetu ya kulikwepa hili. Tathmini hufanywa hotelini, ina chai, sambusa na nauli, na huishia na maazimio ambayo tathmini ya mwaka unaofuata huyasoma upya.)

Katibu alilifahamu hilo upesi. Hakuomba siku mpya. Alipendekeza vikao vinne vya hisa kwa mwezi viwe viwili, na saa zitakazookolewa ziende kwenye mwani. Mweka hazina akapinga, na hoja yake ilikuwa nzito: pesa mkononi mwa mwanamke hailali wiki mbili. Kuna mume, kuna skuli, kuna jirani. Wakakubaliana kwamba mwenye hisa yake anaweza kumpelekea mweka hazina siku yoyote, akatiwa alama kitabuni. Maombi ya mikopo nayo, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakila wakati, yakapewa kamati ya watu watatu.

Likawekwa na sharti dogo ambalo kwangu mimi ndilo la busara zaidi katika kisa hiki kizima. Hisa zikishahesabiwa, sanduku hufungwa na kuondolewa bandani kabla mazungumzo ya mwani hayajaanza. Mara ya kwanza walikuwa wameliacha katikati ya jamvi, na kila mazungumzo yakarudi kwenye mikopo. Kusuka ukili wa mikeka, kwa upande mwengine, kuliruhusiwa. Mikono ikisuka, mtu hajihisi amekaa bure, na hata aliyekuja kwa kusitasita hana haraka ya kuondoka.

Leteni kamba

Kikao cha mwanzo walimwalika afisa. Alizungumza vizuri, akaeleza joto la maji na aina za mbegu, wakaitikia ndiyo, wakatawanyika. Ilikuwa somo, na somo lina manufaa yake, lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema lolote kuhusu shamba lake.

Kikao cha pili kilikaribia kuvunja kikundi. Bila mgeni, wakaanza kutafutana. Nani aliyetoa mbegu zenye ugonjwa? Nani aliyeuacha mwani wake uoze majini mpaka ukawapata jirani? Wawili walinuniana kwa majuma kadhaa. Mwanakikundi mmoja, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyewatuliza wengine kwa neno linalojulikana la Sayyidna Umar, la kujihesabu kabla ya kuhesabiwa. "Kasema tujihesabu," aliwaambia, "hakusema tuhesabiane."

Wakacheka, lakini mgogoro ulibaki, mpaka yule mkubwa wa kokoto aliposema: "Safari ijayo leteni kamba. Msije na maneno, njooni na kamba."

Kila mmoja achukue kamba moja kutoka shambani kwake na aje nayo kama ilivyo. Hapo pakazuka tatizo la kiufundi. Wakati wa maji mafu yenyewe shamba halifikiki, na mwani uliotolewa baharini siku tatu kabla haukuambii kitu. Ndipo walipohamisha kikao. Sasa kinakaa tarehe 5 na tarehe 20 za mwezi wa Kiislamu, bamvu likiwa linamalizika. Siku hizo maji hutoka kiasi cha saa nane mchana, mtu hukata kamba yake, huitia kwenye kiroba kilichorowa, na baada ya sala ya alasiri anakuwa bandani. Bado wanakiita kikao cha maji mafu, ingawa si cha maji mafu tena.

Nilikuwepo kamba zilipolazwa chini kwa mara ya kwanza, moja kando ya nyengine, banda zima likinuka bahari. Hakuna aliyezungumza kwanza. Kamba ya mwanamke mmoja, ambaye shamba lake limepakana na mkondo, ilikuwa nzito, rangi imekolea, matawi magumu. Za waliolima karibu na ufukwe zilikuwa na ncha nyeupe, na vinyuzi vya mwani mwengine vimezizonga. Baina ya hizo palikuwa na za kati na kati. Wakazishika, wakazivunja matawi, wakaanza kuulizana maswali ambayo hayana mwenye kosa. Hii uliifunga lini? Maji yakitoka kabisa, hapo kwako panabaki kiasi gani? Mbegu ulikata wapi?

Swali la mwisho ndilo lililowafungua macho. Mmoja baada ya mwengine walieleza kwamba wakati wa kuvuna hukata matawi bora, machanga, yaliyojaa, na kuyaanika yauzwe, kwa sababu ndiyo yenye uzito. Yanayobaki kwenye kamba, vikonyo vya zamani, ndiyo hufungwa tena kuwa mbegu. Mwani haupandwi kwa punje. Mbegu ni kipande cha mwani wenyewe, na kinachofungwa leo ndicho kitakachovunwa. Kwa miaka walikuwa wakiuza nguvu za shamba na kupanda uchovu wake. Kila mmoja peke yake alijua kuwa kipande kichanga hushika vizuri zaidi. Aliyekuwa hajui ni kikundi.

Kilichofanyika na kilichobaki

Mmarekani Donald Schön, aliyechunguza namna wataalamu wanavyofikiri, alitenganisha kufikiri ukiwa ndani ya kazi na kufikiri juu ya kazi ikishapita. Wanawake hawa ni mafundi wa la kwanza. Mwanamke akiingia majini huona papo hapo kamba iliyolegea, huhamisha kijiti, huongeza taitai, bila kuambiwa na mtu. La pili ndilo walilokuwa hawana, na hakuna mmoja wao ambaye angeweza kulifanya peke yake hata angepewa siku saba za kimya. Jibu lilikuwa limegawika katika mashamba ishirini na kitu. Shamba moja halionyeshi kwamba linafanana na jengine au linatafautiana nalo. Ndiyo maana naona shaka kila nikisikia kutafakari kukielezwa kama jambo la mtu na nafsi yake tu. Muhasaba wa nafsi una pahala pake, na mtu wa Pemba hafundishwi hilo. Lakini makosa ya kazi ya pamoja huwa yamekaa katikati ya watu, na mtu mmoja akijichungulia ndani hatayaona.

Walijiwekea kanuni kwamba kila kikao kitoke na jambo moja tu la kujaribu hadi kikao kinachofuata. Waliwahi kutoka na mambo mawili kwa mpigo, hayakufanyika hata moja. Jambo la kwanza lilikuwa mstari wa mbegu: kila mwenye shamba aache kamba mbili za matawi bora ambazo haziuzwi hata wakala akiwa ufukweni na pesa mkononi. La pili lilikuja karibu na kaskazi: wa ufukweni wasifunge mbegu mpya katika miezi ya joto, wazipeleke mbegu zao zikae kando ya mkondo kwa mwenzao, na wao waponde kokoto bila kujuta.

Kisha ukaja msimu wa karafuu, na kikao kikafa.

Hakuna aliyekiua. Karafuu zikikubali, Pemba nzima huhama; watu huenda kuchuma na kuchambua kwa ujira, na pesa ya karafuu ni ya sasa hivi. Tarehe 5 ikapita, tarehe 20 ikapita, na aliyebaki kijijini hakuwa na wa kukaa naye. Hili halinishangazi, na sidhani kama ni udhaifu wao. Kikao cha namna hii hakifi wakati wa hasara. Wakati wa hasara kila mtu ana swali. Hufa pesa inapoingia, na ndipo yanapofanywa maamuzi ya kuyajutia baadaye, kwa mfano kuuza mstari wa mbegu kwa sababu hakuna mtu wa kuutazama. Baadhi waliuuza. Kikao kilifufuka karafuu zilipokwisha, kwa sababu hisa zilibidi zihesabiwe na hisa zilikuwa zimefungamanishwa na tarehe zile zile. Kama kingekuwa kinasimama kwa nia njema peke yake, sidhani kama kingerudi.

Kaskazi iliyofuata mwani ulikufa tena, ila si wote. Waliokuwa na mbegu mkondoni walianza upya masika yalipopungua bila kwenda kuomba vijiji vya jirani. Ningependa kusema kikao ndicho kilichookoa, lakini kaskazi moja haifanani na nyengine, na hakuna aliyepima joto la maji. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kidogo zaidi: safari hii, mtu akiulizwa kwa nini shamba lake limeungua, anajibu kwa habari za kina cha maji, umri wa mbegu na siku aliyofunga. Mwaka juzi angejibu "joto".

Shida mpya imetokana na mafanikio hayo hayo. Mkondo ni mwembamba na kila mtu sasa anautaka. Ni maji ya kina, na wanawake wengi wa kikundi hawajui kuogelea. Kulima kwenye kina kunahitaji chombo, kijana wa kupiga kasia, au vyote viwili, na wenye wana wakubwa wamewatangulia wasio nao. Njia zipo: mtafiti Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, amefanya kazi kwa miaka mingi na wakulima kujaribu kulima cottonii kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija. Lakini nyavu ni pesa, na chombo ni pesa. Tena mkondo una wenyewe wa zamani, wavuvi wa madema, mitego ya samaki, ambao hawakuulizwa chochote na wameanza kulalamika kwa sheha.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria kilikwenda mpaka karibu na magharibi juu ya suala hili. Mmoja alisema mkondo ugawiwe kwa kura. Mwengine akasema walioanza wasinyang'anywe. Jambo moja la kujaribu walilotoka nalo ni kutumia mistari ya mkondoni kwa kuhifadhi mbegu za wote tu, bila mtu kuvuna huko mpaka wazungumze na wavuvi. Mweka hazina hakukubali. Anasema asiyejua kuogelea atalazimika kumlipa mwenye ngalawa kila bamvu, na malipo hayo yatatoka kwenye sanduku kwa jina la mkopo. Wameandika pingamizi lake, na tarehe 20 watamwalika mzee mmoja wa madema aje kukaa nao jamvini.